Profaili ya alumini ya taa za LED

Profaili ya alumini ya taa za LED (pia: mfereji wa alumini) ni upau mwembamba wa alumini wenye umbo la mfereji. Ndani yake hubandikwa utepe wa LED, yaani ukanda mwembamba wenye chipu nyingi ndogo za kutoa mwanga, ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita stripu. Kazi zake kuu ni tatu: kuondoa joto la utepe, kuukinga dhidi ya vumbi na kugongwa, na kushika kifuniko kinachosambaza mwanga ili macho yasione nukta mojamoja.

Profaili hutumika kwenye dari za jipsamu, makabati ya jikoni, ngazi, vioo, rafu za maduka na baraza. Mara nyingi huchaguliwa kwa sura na bei, lakini kinachoamua kama taa itadumu ni mambo manne: wati za utepe kwa kila mita, upana wa utepe, umbali kati ya chipu na kifuniko, na mahali inapofungwa. Profaili isiyofaa huweza kuua utepe mzuri kabla ya wakati wake. Kwa upande mwingine, ziko sehemu ambazo profaili ya gharama kubwa haihitajiki.

## Muundo

Profaili kamili huwa na sehemu zifuatazo:

- Mwili: upau wa alumini wenye sakafu bapa na kuta mbili. Utepe hubandikwa kwenye sakafu hiyo.
- Kifuniko: ukanda wa plastiki, kwa kawaida polikaboneti au akriliki, unaobanwa juu ya mfereji. Huweza kuwa angavu kama kioo, wa ukungu, au mweupe kama maziwa.
- Vizibo: vipande viwili vya kufunga ncha. Kimoja huwa na tundu la kupitishia waya.
- Klipu: vishikizo vya chuma au plastiki vinavyofungwa kwa skrubu ukutani au kwenye mbao, kisha profaili hubanwa juu yake.

Mwili hutengenezwa mara nyingi kwa aloi namba 6063, ambayo ni alumini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha magnesi na silikoni. Aloi hiyo hutumika pia kwenye fremu za madirisha na milango ya alumini. Gogo la aloi hupashwa moto hadi takriban 450–500 °C, chini ya kiwango cha kuyeyuka kwa alumini ambacho ni 660 °C. Halafu husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia tundu lililochongwa kwenye bamba la chuma kigumu. Kinachotoka upande wa pili ni upau mrefu wenye umbo la tundu hilo. Upau hupozwa, hunyooshwa na kukatwa vipande, ambavyo dukani huwa na urefu wa mita 1, 2 au 3.

Uso wake huweza kuachwa na rangi ya fedha, kupakwa rangi ya unga (nyeupe au nyeusi), au kupitishwa kwenye maji ya asidi yenye umeme ili kuongeza unene wa utando wa oksidi juu yake. Utando huo huzuia uso usichakae wala kupata madoa.

## Sababu ya kutumia alumini

Taa ya LED hutumia umeme kidogo kuliko balbu ya waya, lakini haimaanishi kwamba haina joto. Kwenye utepe wa kawaida, zaidi ya nusu ya umeme unaoingia hugeuka kuwa joto badala ya mwanga. Balbu ya zamani ilitupa sehemu kubwa ya joto lake nje kama mnururisho. Chipu ya LED hubaki nalo mgongoni, na ni lazima lipitie kwenye utepe hadi kwenye kitu kilichoshikilia utepe huo.

Uwezo wa kitu kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa mita kwa kelvini. Alumini safi ina takriban 237, aloi ya 6063 takriban 200, wakati plastiki ya kawaida na ubao wa jipsamu huwa karibu 0.2. Kwa maneno mengine, alumini hupitisha joto mara elfu moja kuliko ubao wa dari. Utepe uliobandikwa moja kwa moja kwenye jipsamu hauna pa kulipeleka joto lake.

Joto likikwama, matokeo huonekana kwa hatua. Kwanza gundi ya mgongoni hulegea na utepe huning'inia. Kisha mwanga hupungua na rangi yake hubadilika. Mwishowe kundi moja la chipu huzimika, halafu jingine. Saa 50,000 zinazoandikwa kwenye vifungashio huhesabiwa kwa kudhani kwamba chipu imepozwa ipasavyo. Bila hilo namba hiyo haina maana.

Alumini ina faida nyingine: ni nyepesi (gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, karibu theluthi moja ya chuma), haipati kutu nyekundu, na hukatwa kwa urahisi kwa msumeno wa chuma au mashine ya mafundi wa madirisha ya alumini.

## Aina

- Profaili ya juu hufungwa juu ya uso bila kuchimba. Ni rahisi zaidi kufunga na hufaa katika nyumba iliyokwisha kukamilika.
- Profaili ya kuzamisha ina mabawa mawili pembeni. Huingizwa katika mtaro uliochongwa kwenye mbao au jipsamu, na mabawa huficha kingo za mtaro.
- Profaili ya kona ina umbo la pembetatu na huelekeza mwanga kwa nyuzi 45. Hupendwa chini ya makabati ya jikoni na ndani ya kabati za nguo.
- Profaili ya kuning'iniza huwa pana na yenye kina, na hushushwa kwa nyaya kutoka darini juu ya meza au kaunta.
- Profaili ya lipu huwa na mabawa yenye matundu yanayofunikwa na lipu au jipsamu, hata mstari wa mwanga tu ndio unaoonekana.
- Profaili ya ngazi na sakafu huwa na kuta nene na kifuniko kinachovumilia kukanyagwa.
- Ukanda bapa wa alumini hauna kuta wala kifuniko. Hutumika mahali ambapo utepe umefichwa usionekane kabisa.

## Namna ya kuchagua

### Wati kwa kila mita

Namba ya kwanza ya kutazama ni wati kwa mita, si wati za roli nzima. Roli ya mita 5 iliyoandikwa wati 72 ina wati 14.4 kwa mita.

- Chini ya wati 5 kwa mita: joto ni dogo, na profaili yoyote nyembamba inatosha. Hapa profaili hutumika zaidi kwa ajili ya unadhifu.
- Wati 5 hadi 10: profaili nyembamba ya juu au ukanda bapa wa alumini.
- Wati 10 hadi 15: profaili yenye sakafu nene na kuta zinazopata hewa.
- Zaidi ya wati 15: profaili pana na nzito, isiyofunikwa pande zote na mbao au jipsamu.

Viwango hivi ni vya kukadiria, kwa sababu joto la chumba na hewa inayozunguka hubadilisha hesabu. Njia rahisi ya kuhakiki kwenye taa za volti 12 au 24 ni kuiwasha kwa saa moja na kushika mwili wa profaili. Ikiwa mkono hauwezi kuvumilia, joto limepita takriban 50 °C na profaili hiyo ni ndogo mno kwa utepe huo.

### Upana

Tepe nyingi zina upana wa milimita 8, 10 au 12. Sakafu ya mfereji lazima izidi upana wa utepe. Utepe uliofunikwa kwa mpira wa silikoni ili kuzuia maji huongezeka takriban milimita 2. Wa milimita 10 huhitaji mfereji wa milimita 12 au zaidi. Kosa la kawaida ni kununua profaili kwa kipimo cha nje. Profaili yenye upana wa nje wa milimita 12 huenda isipokee utepe wa milimita 10, kwa kuwa unene wa kuta mbili hutolewa humo.

### Kina na nukta za mwanga

Kama nukta za chipu zitaonekana au la hutegemea umbali kati ya chipu moja na nyingine ukilinganishwa na umbali hadi kwenye kifuniko. Kwa kifuniko cheupe, kina kinapaswa kuwa angalau sawa na nafasi kati ya chipu. Utepe wenye chipu 60 kwa mita una nafasi ya takriban milimita 17. Wenye chipu 120, milimita 8. Wenye chipu 240, milimita 4. Hivyo profaili yenye kina cha milimita 7 itaonyesha nukta kwa utepe wa chipu 60 hata kama kifuniko ni cheupe. Suluhisho ni profaili ya kina zaidi, au utepe wenye chipu nyingi zaidi. Tepe za aina ya COB, ambazo chipu zake zimefunikwa kwa ukanda mmoja wa fosfori, hutoa mstari usiokatika hata katika profaili fupi.

### Kifuniko

Kifuniko angavu hupoteza mwanga kidogo sana lakini hakifichi nukta. Kifuniko cheupe huficha nukta lakini huweza kumeza theluthi moja ya mwanga au zaidi, kutegemea unene wake. Penye jua, polikaboneti au akriliki iliyotibiwa dhidi ya miale ya urujuanimno ndiyo inayofaa. Plastiki nyingine hugeuka njano na kupasuka.

### Kutambua profaili halisi

Baadhi ya mifereji ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Plastiki huhisi vuguvugu mkononi, alumini huhisi baridi kwa sababu huondoa joto la mkono haraka. Chuma kilichopakwa rangi hutambuliwa kwa sumaku, kwani alumini haishikwi na sumaku. Unene hukaguliwa kwa mizani: upau wa mita 2 wenye eneo la mkato la milimita za mraba 50 unapaswa kuwa na uzito wa gramu 270 hivi. Ukiwa nusu ya hapo, kuta zake ni nyembamba nusu.

## Matumizi katika Dodoma

Jiji la Dodoma lilichaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania mwaka 1973, lakini ujenzi uliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuanza kuhamia huko mwaka 2016. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Katika sensa ya 2012 halmashauri yake ilikuwa na wakazi 410,956; katika sensa ya 2022 walikuwa 765,179. Katika kata za makazi kama Ipagala, nyumba mpya nyingi huezekwa kwa mabati na kuwekewa dari za jipsamu zenye ngazi, ambazo ndani ya kingo zake hufichwa tepe za LED.

Mazingira ya nyanda za kati yana mambo matatu yanayogusa uchaguzi wa profaili. La kwanza ni vumbi. Dodoma ni eneo kame kiasi, lenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine upepo hupeperusha vumbi jekundu ambalo hutua juu ya tepe zilizo wazi, hupunguza mwanga na kuzuia joto kutoka. Profaili yenye kifuniko hufutwa kwa kitambaa kikavu; utepe ulio wazi ni vigumu kuusafisha bila kuubandua.

La pili ni joto la darini. Nafasi kati ya mabati na jipsamu hupata joto kali mchana. Taa za sebuleni huwaka usiku, hivyo tatizo ni dogo, lakini taa za duka, saluni au ofisi zinazowaka mchana kutwa zinapaswa kupewa profaili kubwa kuliko hesabu ya kawaida, na adapta isitupwe juu ya dari pasipo hewa.

La tatu ni mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Hewa nyepesi hupoza kidogo pungufu. Tofauti hiyo haitoshi kubadilisha aina ya profaili, ila ni sababu ya kutochagua profaili iliyo kwenye ukomo wa uwezo wake.

### Mfano wa sebule

Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mzunguko wa mita 18. Utepe wa wati 9.6 kwa mita utatumia wati 172.8. Katika dari la ngazi utepe hauonekani na mwanga huakisiwa na dari lenyewe, kwa hiyo kifuniko cheupe kingepoteza mwanga bila faida. Ukanda bapa wa alumini, au profaili nyembamba yenye kifuniko angavu kwa ajili ya vumbi, unatosha.

Mita 18 hugawanywa katika sehemu mbili za mita 9, kila moja wati 86.4. Adapta huongezewa asilimia 20 ili isifanye kazi kwenye ukomo wake: wati 104, hivyo adapta ya wati 120 kwa kila sehemu. Kwa volti 24 kila sehemu huvuta ampea 3.6, kwa volti 12 ingevuta ampea 7.2. Mkondo ukiwa nusu, umeme unaopotea kwenye waya ule ule hupungua hadi robo, ndiyo maana volti 24 hupendelewa kwa urefu mkubwa. Kila sehemu hulishwa kwa nyaya zaidi ya moja, ili pasiwe na kipande kinachozidi mita 5 kwa mfululizo.

Gharama ya umeme nayo huhesabika. Taa hizo zikiwaka saa 5 kila usiku, na adapta ikipoteza sehemu ya kumi, matumizi ni takriban uniti 29 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la D1, ambalo limewekwa kwa matumizi madogo ya wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uniti zake kwa pambo la dari peke yake. Utepe wa wati 4.8 kwa mita hupunguza matumizi kwa nusu, na huhitaji alumini ndogo zaidi.

### Mfano wa jiko

Chini ya kabati la mita 2, mwanga huanguka moja kwa moja kwenye meza ya kukatia mboga, na mpishi huuona utepe ukiakisiwa kwenye vigae. Hapa profaili ya kona yenye kifuniko cheupe ina thamani yake. Utepe wa wati 14.4 kwa mita hutumia wati 28.8, na adapta ya wati 36 inatosha. Kifuniko huzuia mvuke na mafuta, na hufutika.

## Ufungaji na usalama

Profaili hukatwa kwa msumeno wenye meno madogo, na kingo hulainishwa kwa tupa. Unga wa alumini na mafuta ya kiwandani husafishwa kwa spiriti kabla ya kubandika utepe, la sivyo gundi haishiki na joto halipiti. Utepe hukatwa kwenye alama zake pekee. Ule wa volti 12 wenye chipu 60 kwa mita hukatwa kila sentimita 5, na wa volti 24 kila sentimita 10.

Plastiki hutanuka zaidi kuliko alumini. Joto likipanda kwa nyuzi 30, upau wa mita 2 hurefuka kwa milimita 1.4 hivi, lakini kifuniko cha polikaboneti hurefuka kwa karibu milimita 4. Kifuniko kilichokatwa bila kuacha nafasi huvimba na kuchomoka.

Alumini hupitisha umeme kama inavyopitisha joto. Ncha ya waya iliyochunwa ikigusa mwili wa profaili husababisha shoti, kwa hiyo maungio hufunikwa na waya hupitishwa kwenye kizibo. Tepe za volti 220–240 zinazouzwa kwa roli ndefu bila adapta hazifai kuwekwa katika profaili za kawaida: mpira wake ukichubuka, upau wote huwa na umeme wa kuua. Adapta yenye sehemu ya waya wa ardhi lazima iunganishwe na ardhi.

Saruji mbichi na chokaa hula utando wa oksidi wa alumini. Profaili inayozikwa ukutani au sakafuni hupakwa rangi au kuwekewa plastiki nyuma yake kabla ya lipu. Nje ya nyumba, profaili yenye vizibo si kinga kamili dhidi ya maji. Utepe wenyewe unapaswa kuwa na kiwango cha IP65 kwa baraza na uzio, au IP67 panapotuama maji.

Nchini Tanzania, kazi ya kuunganisha taa na umeme wa nyumba hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kubandika utepe na kukata profaili ni kazi ambayo mtu yeyote mwangalifu anaweza kuifanya upande wa volti ndogo.

## Historia

Njia ya bei nafuu ya kupata alumini iligunduliwa mwaka 1886 na Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake. Mwaka 1894 Alexander Dick alibuni namna ya kusukuma metali moto kupitia tundu, ambayo ndiyo asili ya profaili za leo.

LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Mwanga mweupe ulisubiri LED ya buluu angavu ya miaka ya 1990, iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Tepe za LED nyeupe zilipozidi kuwa na nguvu, joto lake likawa tatizo, na profaili ikageuka kutoka pambo hadi sehemu ya taa yenyewe.

## Tazama pia

- Alumini
- Dodoma (mji)
- Ipagala
- TANESCO
- Umeme